KISANDUKU CHA ZAMANI NA LAPTOPU MPYA

(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ya kurekodi mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeagizwa tuwaeleze kwa nini kisanduku chetu cha kurekodia sauti, kilichonunuliwa kwa michango yenu, hakikubali kuungana na laptopu mpya ya ofisi. Wengine wasema kimekufa, kitupwe. Wengine wasema tununue kingine mara moja. Sisi twaomba mtusikilize kwanza, maana fedha ni zenu. Tena wako wazee waliostaafu ambao hatujapata bado kurekodi habari za kazi yao, na mzee akiondoka huondoka na maneno yake.

Kazi ya kisanduku hiki ni kupokea sauti kutoka kwa maikrofoni na kuigeuza kuwa hesabu ambazo kompyuta yaweza kuziandika. Kwa kipimo cha sahani za CD, sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde. Hapana budi hesabu hizo zipite bila kukatika, ama sivyo sauti hutoka na mikwaruzo. Kwa hivyo njia iliyo kati ya kisanduku na kompyuta ni jambo kubwa.

Visanduku vingi vya miaka ya 2000 vilitumia njia iitwayo FireWire. FireWire ya kwanza yapitisha biti milioni 400 kwa sekunde. Ile ya pili, iliyoanza kuonekana katika kompyuta za Apple mwaka 2003, yapitisha milioni 800. Ilikuwa njia imara na mafundi wa muziki waliipenda. Lakini laptopu za leo hazina tundu lake. Zina tundu dogo liitwalo USB-C, ambalo mpango wake ulitangazwa mwaka 2014.

Sasa shikeni sana neno hili. Huuzwa kipande kidogo cha bei rahisi, upande mmoja FireWire, upande wa pili USB. Kipande hicho chaingia tunduni vizuri kabisa, wala hakifanyi kazi. Tena chaweza kuleta hasara, kwani FireWire yaweza kuchukua umeme wa volti hata 30, na USB ya kawaida ni volti 5. Msikinunue.

Sisi watu wa reli tusingepaswa kushangaa. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Zote mbili ni reli, zote mbili ni za chuma, lakini behewa la njia moja halipiti katika njia nyingine. FireWire na USB ni hivyo hivyo.

Yafaa pia mjue kwamba njia peke yake haitoshi. Kila kisanduku chahitaji programu ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita draiva. Treni yaweza kuwa na reli safi na mafuta tele, lakini bila dereva haiondoki stesheni. Kiwanda kikiacha kutengeneza draiva ya kisanduku cha zamani, kisanduku chaweza kukaa kimya katika kompyuta mpya ingawa hakina ubovu wo wote.

Kwa wale walio na visanduku nyumbani au kwaya zenu, twatoa shauri hili.

Kisanduku kikiwa cha USB, mara nyingi hakuna taabu. Waya wa USB-C watosha, kwa kuwa njia ya USB ya zamani ingali imo ndani ya ile mpya. Tazameni tu kama kinahitaji draiva yake mwenyewe. Visanduku vinavyofuata kanuni ya pamoja ya sauti za USB huendeshwa na draiva iliyomo tayari katika kompyuta. Windows 10 ilipata draiva ya kanuni ya pili mwaka 2017.

Kikiwa cha FireWire na laptopu ni ya Apple yenye Thunderbolt, huungwa kwa vipande viwili: cha kutoa Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, kisha cha kutoa Thunderbolt kwenda FireWire. Kipande hicho cha mwisho hutoa wati 7 tu, basi kisanduku kipewe umeme wake kutoka ukutani. Lakini angalieni: macOS 26, iliyotolewa mwaka 2025, imeiondoa FireWire kabisa. Mwenye kisanduku cha namna hii asikubali kuingiza toleo hilo bila kufikiri.

Laptopu ya ofisi yetu ina USB tu, haina Thunderbolt. Basi hapo hakuna kipande cha kununua.

Lakini ndugu, fikirini tunavyofanya mizigo inapofika mwisho wa njia moja. Hatulazimishi behewa. Twahamisha mzigo. Na mzigo wetu ni sauti, si kisanduku. Ile laptopu kuukuu iliyo stoo ina tundu la FireWire, na tumeijaribu na kisanduku: inarekodi. Sauti ikiisha kuandikwa kwa namna ya WAV, kompyuta yo yote yaweza kuifungua, mpya kwa ya zamani.

Kwa hivyo kamati yaleta mambo matatu mbele yenu. Kwanza, laptopu kuukuu isiuzwe, iwekwe kwa kazi ya kurekodi tu, isiunganishwe na intaneti wala isibadilishwe programu zake. Pili, kila rekodi ihamishwe siku ile ile kwa flashi hadi laptopu mpya, na nakala ya pili ikae kwa Katibu. Tatu, fedha zilizotengwa kununua kisanduku kipya zitumike kwanza kwa nauli za kuwafikia wazee walio mbali, kabla hatujachelewa.

Laptopu kuukuu nayo itakufa siku moja, hatuwafichi. Siku hiyo tutanunua kisanduku cha USB kinachofuata kanuni ya pamoja. Lakini siku hiyo na itukute tumekwisha kuhamisha mzigo wote.

Bwana Mwenyekiti, twaomba wanachama waamue.