MTU AU KUNDI?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Liko swali ambalo sisi makarani hulikata kila siku kwa kalamu, pasipo kulifikiri: jambo likitokea, sababu yake ni mtu fulani, au ni hali ya watu wote?

Wataalamu wamehitilafiana. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1897, alionyesha ya kuwa hesabu ya watu wanaojiua katika nchi haibadiliki sana mwaka hata mwaka, ingawa wafao si wale wale. Kwa hiyo sababu itafutwe katika jamii. Mjerumani Max Weber alishika njia nyingine: dola, kampuni na chama havitendi neno, watendao ni watu, nasi yatupasa kujua walikusudia nini.

Na tuupime ubishi huu kwa jambo la kwetu. Mwezi wa Januari 1947, wafanya kazi wapata 15,000 waligoma Mombasa. Wako waliosema ni kazi ya wachochezi wachache. Kama ndivyo, mbona mji ule ule ulikuwa na mgomo mwaka 1939, kabla Bwana Chege Kibachia hajajulikana huko? Mishahara midogo na vyumba vya kubanana vilimtangulia. Hapa Durkheim ana haki.

Lakini dhiki haiitishi mkutano. Walioitisha ni watu, wakakusanyika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakaunda chama. Naye Bwana Kibachia alipokamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule, akahamishwa, chama kilidhoofika, ingawa dhiki haikuhama pamoja naye. Hapa Weber naye ana haki.

Basi, mabwana, methali yasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Lakini karani mmoja akiiba, makarani wote si wezi. Kadhalika, makarani kumi wakikosea daftari moja, kabla ya kuadhibiwa wote kumi, daftari lenyewe litazamwe. Kosa la kwanza huwaonea wengi kwa ajili ya mmoja. La pili humwonea mtu kwa hali asiyoiumba yeye.

Kwa hiyo, tuandikapo habari za mwenzetu, tuulize maswali mawili. Mwingine akiketi kitini pake, je, angetenda vile vile? Na yeye mwenyewe, je, alikuwa na njia nyingine? Likijibiwa moja tu, faili lisifungwe.