Mbegu ya Mtama Ishindayo Jua na Kiduha
(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la wakulima)



Hatukusimama hapa kuwafundisha kulima mtama, maana kazi hiyo mliirithi kwa wazee wenu. Twataka kusema habari za adui wawili tunaowajua sote, yaani jua kali na kiduha.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, nayo hulala ardhini miaka mingi. Mzizi wa mtama hutoa dawa udongoni. Mbegu ile ikiisikia huamka, hushika mzizi na kuunyonya. Hata ua lake litokeapo juu, mtama umekwisha kuumia.

Bwana Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliona kwamba mitama mingine hutoa dawa hiyo kidogo sana, basi kiduha huendelea kulala. Wakaizalisha pamoja na mitama izaayo vizuri, wakachagua kizazi baada ya kizazi. Mbegu mbili za kazi hiyo, Hakika na Wahi, zilitolewa Tanzania mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Sudan ilipata Hageen Dura-1, mtama chotara uvumiliao ukame.

Yafaa mjue tofauti yake. Mbegu ya chotara hununuliwa kila mwaka, kwa sababu watoto wake hawafanani naye. Hakika na Wahi mwaweza kujiwekea wenyewe. Lakini chagueni masuke ya katikati ya shamba, mbali na mtama wa jirani, kwani upepo huchukua unga wa maua na kuchanganya mbegu.

Tena twawaomba, msiitupe mbegu ya zamani. Ile nguvu ya kubaki na majani mabichi wakati wa ukame, ambayo wataalamu huitafuta sana, ilitoka katika mtama wa kienyeji wa Ethiopia. Kama wakulima wale wangaliutupa, leo wataalamu wasingalikuwa na pa kuanzia.

Basi ng'oeni kiduha kabla hakijatoa maua, hata mkiwa na mbegu mpya. Na ile ya bibi zenu itengeeni kijishamba, mwipande mara kwa mara isife. Akiba haiozi.