Hasara Itabebwa na Nani?

Wengi hudhani kwamba mfanyabiashara hodari ni yule aliye tayari kuweka rehani kila kitu kwa tumaini la faida kubwa. Sivyo. Msomi Saras Sarasvathy, ambaye nadharia yake ilichapishwa mwaka 2001, aliwachunguza wajasiriamali wazoefu 27 huko Marekani. Aliwapa wote mfano mmoja wa biashara ya kubuni, akawaomba waseme mawazo yao kwa sauti walipokuwa wakiamua. Wengi hawakuanza kwa kukisia faida. Walianza na yaliyokuwa mikononi mwao: mimi ni nani, ninajua nini, ninawafahamu akina nani? Kisha wakajiuliza: mambo yakiharibika, naweza kustahimili hasara kiasi gani?

Tuchukue mfano wa mama muuza maandazi aonaye mafundi ujenzi wakikosa chakula cha mchana. Aweza kukopa, akapanga chumba na kununua viti, dhamana ikiwa ni nyumba ya familia. Au aweza kupika sufuria moja ya makande kila siku kwa juma zima, akawasikiliza walaji, akamwalika jirani mwenye benchi washirikiane. Akishindwa, amepoteza mahindi na maharage. Nyumba ingali yao.

Hapo ndipo haki inapoingia. Hasara niliyo na ruhusa ya kuithubutu ni ile iliyo yangu. Baba anayeweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mama anachezea jasho la wengine, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakataza jambo hilo. Vivyo hivyo mwenye duka anayezuia mshahara wa kijana wake ili aongeze bidhaa: amemkopa maskini bila kumwuliza. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali kwamba faida ni dalili ya biashara inayokwenda vizuri. Lakini alionya kuwa hesabu zaweza kuwa sawa huku watu wakidhalilishwa.

Wala tusiifanye hofu kuwa fadhila. Mtumishi aliyefukia talanta yake (Mt 25:14-30) hakusifiwa. Na mjenzi wa mnara asiyepiga hesabu (Lk 14:28-30) huchekwa. Injili yatutaka tuthubutu, tukiisha kuhesabu.

Maswali kwa Jumuiya:
1. Kabla ya kukopa, ni nani nyumbani anayepaswa kuulizwa?
2. Ni ujuzi na vifaa gani tulivyo navyo tayari, ambavyo bado hatujavitumia?