Mlipe Fundi kwa Kufikiri

Leo nina neno na wenye magari, hasa wale ambao gari linawaka vizuri, likisimama linanguruma vizuri, ila ukikanyaga mafuta linasita. Uko kati ya Chalinze na Morogoro, unataka kulipita lori. Umetazama mbele, umewasha indiketa, mguu umeukandamiza hadi chini. Gari linajivuta, linashtuka mara mbili tatu, ndipo linachanganya. Sekunde hizo unazitumia ukiwa upande usio wako, na basi la mikoani linakuja.

Sasa tazama tunavyolitibu. Gereji ya kwanza wanasema plagi. Zinabadilishwa, gari bado. Wanasema koili, zote nne. Bado. Pampu ya mafuta. Bado. Mwisho anatokea mjuzi anasema kompyuta ya gari imekufa, na wewe huyo Kariakoo kutafuta iliyotumika. Tena maduka mengi spea ya umeme ikishatoka hairudishwi, hata kama tatizo halikuwa hilo.

Mafundi wanalaumiwa sana kwa hili. Lawama nyingine mimi naileta kwetu wateja. Kufunga spea tunalipia, kupima hatutaki. Fundi akikaa na gari lako saa nzima, akagundua ni mpira umepasuka, akikudai ufundi wake unang'aka: "Si umeangalia tu?" Basi naye ameshatujua. Anafungua, anabadilisha, analipwa, hata kama kilichotolewa kilikuwa kizima.

Kupima huanza kwa swali dogo: linasita wakati gani? Kama linasita pale unapogusa tu mafuta kisha linaondoka vizuri, anzia kwenye hewa. Ondoa filta, utazame vumbi lake. Baada ya filta kuna sensa inayopima hewa inayoingia, ile mafundi huiita eafulo. Kijiwaya chake kikishika uchafu, kompyuta hupewa hesabu pungufu ya hewa, nayo hutoa petroli pungufu. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Kitambaa na brashi vikae mbali. Halafu shika ule mpira mnene unaotoka hapo kwenda kwenye injini, uukunje huku umemulika tochi. Ufa hupenda kujificha ndani ya mikunjo, hauonekani mpira ukiwa umetulia. Hewa inayopita kwenye ufa huo haikuhesabiwa na sensa, na hapo mchanganyiko unaharibika.

Likiwa linashtukashtuka ukilibebesha mzigo, na taa ya injini kwenye dashibodi inawakawaka, hiyo ni misi: kuna silinda haichomi. Usiendelee kulikimbiza. Petroli isiyoungua inakwenda kwenye bomba la moshi na kuunguza masega, yaani katalisti ya kusafisha moshi, na bei ya masega mnaijua, maana hata wezi wanaijua.

Hapa ndipo ninapotaka umkazie macho fundi. Chukua mfano wa Toyota IST au Probox zenye injini ya 1NZ-FE, ambazo zimejaa barabarani. Zina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake, imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Mashine ya kupimia makosa ikisoma P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Haijasema koili, haijasema plagi. Mwambie fundi ahamishe koili ya silinda ya kwanza aipeleke ya tatu, ya tatu ije ya kwanza, afute kosa, kisha mwende barabarani hadi gari lishtuke tena. Mashine ikisoma P0303, kosa limehama na koili. Hapo nunua koili, moja. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Chomoa plagi uitazame, na uangalie kama shimo lake lina oili. Likiwa nayo, gasketi ya tapeti kava imechoka, na koili mpya utakayoweka nayo italoweshwa. Plagi ikiwa safi, zamu ni ya nozeli, kisha kompresheni. Kuhamisha koili ni kazi ya dakika chache na hakuna kilichonunuliwa.

Kama shida ilianza ukitoka kujaza mafuta, usilipuuze jambo hilo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igonge, na kompyuta ikijihami inapunguza nguvu. Wasimamizi wa nishati, EWURA, walianzisha uwekaji wa vinasaba, yaani alama za kutambua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Tunza risiti.

Lipo pia gari linalotembea vizuri mjini, ila ukilipandisha mlima Kitonga linaishiwa pumzi, ukilegeza mguu linapata nafuu. Huko fikiria mafuta hayafiki ya kutosha: pampu imechoka au filta yake imeziba. Wanaotembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima wananisikia. Ile pampu imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Masega yaliyoziba nayo hukaba gari hivyohivyo, kwa hiyo dalili peke yake haitoshi. Fundi afunge geji, asome presha ya mafuta gari likiwa linafanya kazi, alinganishe na kitabu cha injini hiyo. Akikuambia hana geji lakini ana uhakika ni pampu, mlipe muda wake, peleka gari kwa mwenye geji, na pampu usinunue kwanza.