Bei ya kipande ni moja kwa wote
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wenye mashamba, Manguredjipa



Tangu tulirudi, karibu kila mutu hapa amekuwa bosi. Unacheka, mama, lakini ni kweli. Kakao imefunikwa na majani, peke yako hutaweza, basi unatafuta vibarua. Akija kijana Munande ao Mupere, munapatana bei mbele ya kuanza. Akija Mumbuti, hamupatane kitu. Anakata kipande kilekile, na mangaribi unamupa chumvi, shati ya zamani, ao kikombe cha pombe. Ukiulizwa, unajibu: "Ule hajue feza." Anaijua! Huko soko, nani anamuuzishia sabuni kwa chumvi?

Mukumbuke 2024, wakati tulikimbilia Njiapanda na Butembo. Unabeba matofali muchana kutwa, jioni unapewa nusu, sababu "mukimbizi atakubali tu." Ilituuma sana.

Sheria iko wazi. Kode ya Kazi ya 2002, kifungu cha 86, inasema kazi sawa na ujuzi sawa ni mushahara sawa, bila kuangalia asili ya mutu. Ubaguzi wa rangi na ukabila unaazibiwa tangu ordonansi ya 7 Juni 1966. Na sheria ya 15 Julai 2022 inalinda haki za Bambuti na wenzao mu Kongo nzima. Lakini inspekta wa kazi hatatembea mpaka mu shamba yako. Ni wewe bosi uko pale.

Kwa hiyo, bei ya kipande itajwe asubui, kwa sauti, mbele ya vibarua wote. Jioni feza iingie mu mukono wa mwenye alikata, si wa ule anayesema "hawa ni Bambuti wangu." (Mutu si mbuzi.) Pombe, ukipenda, mukaribishe kisha kumulipa. Kapita akimutukana kibarua juu ya kabila yake, mukemee palepale, watu wasikie. Akirudilia, tafuta kapita mwingine. Kwa nini asiwe Mumbuti?

Na ninyi wafadhili, mukilipa kazi ya barabara, someni liste. Kama hamuone Mumbuti hata moja, muulize mbele ya kutosha feza.

Karani ataandika bei ya kipande ku ubao wa ofisi kila siku ya posho, kuanzia juma hii.