Mchoraji asiyelipwa ni rahisi kununuliwa



Bandugu vijana wa Lubumbashi, sisi tunaosema hapa ni wachoraji wa kujitegemea. Hatuna patro, hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Asubuhi tunachora karikatire ya gazeti ama ya ukurasa wa Facebook. Mchana ni posheti ya albumu ya mwanamuziki wa Katuba. Jioni, kama franga haijatosha, tunaandika bango la saluni. Mumeomba tuwaambie namna tunaishi. Tutasema wazi, juu mambo ya franga yakifichwa, anayeumia ni mdogo.

Kazi hii haikuja na simu, bandugu. Mji huu ni mji wa wachoraji tangu zamani. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa atelie iliyoitwa Le Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, majina yanayojulikana mpaka Bulaya. Halafu, katika miaka ya 1970, wachoraji wa mitaa waliwachorea watu wa mji wenyewe. Ulipoingia katika salon ya mfanyakazi, ukutani ulikuta Mamba Muntu, ama picha ya Colonie belge, ile ya askari anamchapa mfungwa fimbo mbele ya muzungu. Aliyenunua alikuwa baba wa kawaida, siku ya mshahara.

Mmoja wao tunapenda mumjue vizuri. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa 1947, wakati mji uliitwa Élisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akabeba picha zake nyumba kwa nyumba kuuza. Hivyo njo alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu hapa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea historia yote ya nchi, picha karibu mia moja, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili chetu, hiki tunachosema leo. Alichora kifo cha Lumumba wakati wa Mobutu. Picha hizo ziliishia Amsterdam, na kitabu juu yake kilitoka 1996. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo hajulikani alikoishia. Tunajua kazi yake juu aliandika jina pembeni ya picha, na juu kuna mtu aliyeandika maneno yake. Bila hivyo tungesema tu: ni picha ya zamani, fundi hajulikani. Wangapi wamepotea hivyo katika Kenya, Kamalondo na Ruashi?

Sasa tuje kwa kazi ya leo. Komande ya posheti inaingia hivi: saa nne za usiku, ujumbe wa sauti ndani ya WhatsApp. «Fundi, wimbo inatoka Ijumaa, unifanyie kitu ya nguvu.» Leo ni Jumatano. Tunaomba wimbo, tunausikiliza mara tano, mara sita. Tunauliza: ni wa kucheza ama wa kilio? Tunachora kwanza kwa kalamu juu ya karatasi, tunapiga picha, tunaweka rangi ndani ya mashini. Zamani posheti ya sahani ilikuwa na upana wa santimeta 30, CD ikaleta 12. Leo tunatengeneza mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, lakini msikilizaji ataiona juu ya simu, ukubwa wa ukucha. Jina lazima lisomeke pale pale. Umeme unakatika, tunangojea, ama tunaenda kwa mwenye jenereta na kumlipa. Mega tunanunua sisi. Asubuhi anarudi: «Badilisha rangi.» Saa sita: «Ongeza sura ya producteur.» Jioni: «Turudilie ile ya kwanza.»

Tukifika kwa bei, majibu ni mawili. La kwanza: «Petit, ni kitu ya dakika tano tu.» La pili: «Tutakupatia vizibilite.» Bandugu, mama anayeuza bukari hapokei vizibilite. Mwenye nyumba pia hapokei.

Na si mwanamuziki maskini tu anayesema hivyo. Kuna mwenzetu alilipwa franga kidogo kwa posheti moja. Nyuma aliona mchoro ule ule juu ya tishati, juu ya bango la konseri, juu ya gari. Jina lake lilikuwa limekatwa. Alipouliza, aliambiwa ashukuru.

Tunajua posheti inaweza kuwa kitu kikubwa. Kule Lagos, Lemi Ghariokwu alianza 1974 kumchorea Fela Kuti posheti ya Alagbon Close, akaendelea mpaka posheti 26. Askari, jela, wakubwa, vyote alivitia pale kwa mkono wa mchora karikatire. Aliyenunua sahani alipata wimbo na akapata gazeti. Na jina la Lemi halikupotea.

Hapa njo tunafika kwa neno lenyewe tulilokuja kusema. Mambo haya si ya njaa yetu peke yake. Mchoraji asiyelipwa ni rahisi kununuliwa.

Wakati wa kampeni, watu ambao hawana franga ya kulipa posheti wanatafutwa na watu wenye dola. «Mchore huyu sawa mwizi. Usiweke sahihi.» Halafu kuna ombi baya kuliko hilo: «Chora watu wa kabila ile sawa wanyama. Tutalipa mara mbili.» Mji huu unajua ombi hilo linaelekea wapi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasaï walifukuzwa katika Katanga, familia na vyombo vyao zikalala kwenye magare zikingoja treni. Kabla ya jirani kumfukuza jirani, kulikuwa maneno ya kumfanya mdudu. Mchoro unakimbia kuliko maneno. Asiyejua kusoma anauona, mtoto anauona, unapita toka simu mpaka simu usiku mmoja.

Sisi tumesema hapana kwa komande hizo. Lakini tuwe wakweli: hapana ni rahisi kwa yule ambaye amelipa nyumba. Kijana ambaye ana deni la miezi mitatu, mnamuachia azipime dola na dhamiri yake peke yake.

Na hata anayechora ukweli ana hofu yake. Kuna sheria ya mwaka 1963 inayoadhibu anayemvunjia heshima mkuu wa nchi. Mchora karikatire asiye na gazeti nyuma yake, wala avoka, anaifikiria kila akishika kalamu.

Tufanye nini basi?

Haki yetu si mpya. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za mwandishi inalinda mchoro sawa inavyolinda wimbo. SOCODA, shirika la haki za waandishi, liliundwa 2011, na si la wanamuziki peke yao. Sheria iko. Kinachokosekana ni karatasi kati ya watu wawili.

Kwa hiyo, ninyi wachoraji: kabla ya kushika kalamu, andikeni mambo matano, hata ndani ya ujumbe wa simu. Bei ni ngapi. Avansi ni nusu. Marekebisho ni mara ngapi. Mchoro utatumika wapi: posheti tu, ama tishati na bango pia. Jina litakaa wapi. Asiyetaka kuandika hayo, msimuanzie kazi.

Ninyi wanamuziki: munalia wimbo wenu ukiibiwa, na muna haki. Musimfanyie mchoraji kile munachokataa kufanyiwa.

Wenye magazeti na kurasa: karikatire inaleta wasomaji wenu. Iwekeni katika hesabu sawa karatasi na usafiri.

Na ninyi wengine wote munaotusikiliza, kazi yenu haiombi hata franga moja. Ukishiriki mchoro, usikate jina. Ukiuona bila jina, uliza ni wa nani. Na ukiletewa mchoro unaocheka kabila la jirani, usiupitishe. Ufe ndani ya simu yako.

Wazee wetu waliandika jina pembeni ya kitambaa cha mfuko wa unga. Nasi tunataka hivyo tu: jina, bei iliyosemwa mbele, na nguvu ya kukataa.

Maswali sasa, na musituhurumie.