Kuchagua Paa la Nyumba: Mji wa Morogoro na Vijiji vya Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Mada hii inatetea hoja moja: paa huchaguliwa kwa kuangalia mahali nyumba ilipo, si kwa kuangalia nyumba ya jirani. Mjini Morogoro mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Upande wa mashariki wa Uluguru, wanakoishi watu wa Kinole na Tegetero, mvua hupita milimita 2,000. Mgeta nako, juu milimani, Juni na Julai usiku ni wa baridi kali. Paa linalofaa Kihonda, mjini Morogoro, huenda lisifae Tegetero.

2.0 Aina za paa

2.1 Nyasi. Wazee wetu wa Uluguru waliezeka nyasi, na walikuwa na sababu. Nyasi huzuia joto mchana, hutunza joto usiku, na mvua hainyeshi kwa kelele. Lakini zinahitaji mwinamo mkali, nyuzi 45 hivi, ili maji yateremke upesi kabla hayajapenya. Zinashika moto, huliwa na wadudu, na hubadilishwa mara kwa mara. Isitoshe, ardhi ya kuotea nyasi ndefu imegeuzwa mashamba.

2.2 Bati. Faida yake kubwa milimani ni wepesi. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30 ina takriban kilo 3, hivyo hubebeka hata pale ambapo lori halifiki. Kumbukeni kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ndilo jembamba kati ya yote matatu. Rangi haisemi lolote kuhusu unene. Bati huchemka kwa jua na kupoa haraka usiku, kwa hiyo nyumba ya mjini na ya Mgeta zote zinahitaji dari na matundu ya kupitisha hewa.

2.3 Vigae. Vigae vya udongo au saruji hudumu muda mrefu na hupunguza joto. Ila mita moja ya mraba hufikia kilo 40 hadi 50. Hapo kenchi, kuta na msingi lazima viandaliwe tangu siku ya kuchora ramani. Kuvipandisha mlimani ni gharama, na vingi huvunjika njiani. Bati lililokunjwa kwa umbo la kigae lisiwachanganye: hilo bado ni bati.

2.4 Asbesto. Majengo ya zamani bado yanayo. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Paa hilo msilikate, msilitoboe wala kulivunja. Ombeni wataalamu waliondoe.

3.0 Kinachoshikilia paa

Upepo hauling'oi bati peke yake. Hung'oa paa ambalo halikufungwa. Kenchi ifungwe kwenye linta kwa waya imara au ukanda wa chuma. Kwenye bati la migongo, msumari upigwe juu ya mgongo, si bondeni yanakopita maji. Mbao zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa.

4.0 Maji ya paa

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 1,000, hupokea lita 50,000 kwa mwaka. Hata tukipoteza moja ya tano, tunabaki na lita 40,000. Bila gata, maji hayo huchimba msingi wetu, kisha huporomosha udongo wa shamba la jirani aliye chini ya mteremko.

5.0 Mapendekezo

(a) Bajeti ya paa ijumuishe kenchi, dari, gata na tangi, si bati peke yake.
(b) Mnunuzi aulize unene kwa milimita, na apime kabla ya kulipa.
(c) Asiyeweza kumudu vyote aanze na kenchi imara na bati nene lisilo na rangi, urembo utafuata.
(d) Serikali za vijiji vya milimani zisimamie kila nyumba mpya iwe na gata na mahali salama pa kumwagia maji.

Ndugu zangu mafundi, mwenye nyumba huwasikiliza ninyi kuliko muuzaji wa dukani. Mwambieni ukweli huu kabla hajatoa fedha yake.